Hivi TV zimekuwa bei chee kwa sababu zinatuchungulia? Mwenye uelewa anifungue macho

Kiti_Kirefu aliuliza:

Wakuu habari za saa hizi. Nina swali linanikera wiki ya tatu sasa, na humu najua kuna mafundi na kuna watu wa mahesabu.

Nilikuwa natafuta skrini kubwa ya kawaida tu, isiyo na mambo mengi, yani nachomeka waya wa HDMI naonyesha kazi zangu basi. Kuuliza bei nikachoka. Skrini tupu ya inchi 50, haina apu, haina intaneti, hata spika zenyewe za kubahatisha, ni ghali kuliko smati tv ya ukubwa uleule yenye kila kitu ndani. Nikarudia kuangalia nikidhani nimesoma vibaya. Mimi nilivyozoea kitu kikiongezewa vikorokoro bei inapanda, hii ya kuongezewa halafu bei inashuka ndo naikuta kwenye tv.

Basi nikachukua hiyo smati. Kuiwasha mara ya kwanza nimekaa dakika kama 20 na rimoti mkononi, kubali hiki, kubali kile, maandishi madogo kama mchanga yanashuka hayaishi, kitufe cha Nakubali kikubwa kina rangi ya kuvutia, cha kukataa kimejibanza pembeni kijivu utadhani kimekufa. Nikabonyeza nakubali zote maana nilikuwa nawahi mpira. Siku kadhaa baadae ndo nashangaa ukurasa wa mwanzo una tangazo kubwa kuliko apu zangu zote ukizijumlisha. Mpwa wangu akacheka akaniambia mjomba hiyo tv hujainunua yote, nusu kalipa mwenye matangazo.

Ni kweli? Na kama ni kweli hiyo "nusu" ni kiasi gani hasa? Na mtu kama mimi nikisema sawa, sitaki kuchunguliwa, naongeza hela nipewe yangu safi, naiongeza wapi?

---

fundi_risasi alijibu:

Mpwa wako ana akili ila ametia chumvi.

Mimi nazifungua hizi tv, naona ndani kuna nini. Kioo ndo kinakula hela karibu yote, halafu bodi, pawa saplai, taa za nyuma, maplastiki. Ukijumlisha vipuri, usafiri na cha muuza duka, ile bei unayoiona dukani inabaki na faida kama uzi. Sasa kampuni haiwezi kuishi kwa uzi, lazima kuna sehemu nyingine inakula.

Na hii sio siri ya mtaani, wenyewe wamesema. Mwaka 2019 mkuu wa teknolojia wa Vizio, kampuni ya tv ya Marekani, jamaa anaitwa Bill Baxter, aliulizwa kwenye mahojiano akajibu bila kupepesa macho, kwamba biashara ya kuuza tv faida yake ni asilimia 6 hivi, na kwamba hela wanaipata baada ya wewe kuibeba kwenda nayo nyumbani, kupitia matangazo, filamu za kukodi, data na vitu kama hivyo. Akasema kabisa wangekuwa hawana hiyo njia ingebidi waongeze kidogo bei ya dukani. Miaka miwili baadae, robo ya tatu ya 2021, hesabu zao zikaonyesha faida ghafi ya upande wa matangazo na data ilikuwa dola milioni 57.3, ya kuuza tv zenyewe milioni 25.6. Yani tv imekuwa kama chambo, samaki wanamvua baadae.

Ndo maana usishangae Walmart, lile duka kubwa la Marekani, kuinunua hiyo kampuni kwa dola bilioni 2.3, dili limefungwa Desemba 2024. Duka la sabuni na mchele linataka nini kwenye kiwanda cha tv? Linataka kujua nani kaona tangazo la sabuni halafu kaja kununua sabuni.

Hata rimoti yako iangalie vizuri, vile vitufe vyenye majina ya apu ambazo huna hata akaunti yake. Hakuna kilichokaa pale kwa mapenzi, nafasi ya kitufe inalipiwa.

---

Bi_Daftari alijibu:

Naomba nipinge kidogo maana naona uzi umeshaanza kuelekea upande mmoja.

Mimi kazi yangu mahesabu. Tv zilianza kushuka bei zamani sana kabla ya hizi smati. Marekani takwimu zao za bei zinaonyesha tv zimeshuka zaidi ya asilimia 90 tangu mwaka 2000, ukizingatia na ubora ulioongezeka, na sehemu kubwa ya safari hiyo hakukuwa na tangazo lolote ndani ya tv. Kilichoshusha ni viwanda vya vioo. Kuna viwanda vya kizazi wanachokiita 10.5, kioo kimoja kinatoka mashineni kina karibu mita 3 kwa mita 3.4, kinakatwa tv 8 za inchi 65 kwa mkupuo, kama fundi nguo anavyopanga vipande kwenye kitambaa kimoja kisibaki hata cha kufutia meza. Wachina walijenga viwanda vingi vya namna hiyo, vioo vikajaa sokoni, bei ikaanguka. Hapo hakuna upelelezi, ni wingi tu.

Na hiyo skrini tupu ya Kiti_Kirefu, usilinganishe. Zile zinatengenezwa kukaa zimewaka masaa 16 au 24 kila siku, mwanga wake mkali zaidi, dhamana yake nyingine, na zinauzwa chache sana. Kitu kinachouzwa kichache kinakuwa ghali hata kama hakina kitu ndani.

Sasa tupige hesabu ya matangazo yenyewe. Hiyohiyo Vizio mwishoni mwa 2021 ilikuwa inaingiza dola 20 na kitu kwa mwaka kwa kila akaunti inayotumia tv yao. Hayo ni mapato sio faida, toa gharama humo. Ukikaa na tv miaka 5 wameingiza kama dola 100 hivi. Kwa tv ya bei ya chini hiyo ni hela, siwezi kusema si kitu. Kwa tv kubwa ya bei ni makombo. Kwahiyo nusu hapana. Mpwa arudi darasani.

---

mzururaji_wa_data alijibu:

Bi Daftari nakuheshimu ila hesabu yako imeacha kitu kimoja, umehesabu wao wanapata ngapi, hujahesabu sisi tumerudishiwa ngapi. Hivyo ni vitu viwili. Mimi nikiuza taarifa zako kwa dola 100, nani amesema nakupunguzia dola 100? Nitakupunguzia kiasi kile cha kumpita mshindani wangu tu, inayobaki naweka mfukoni.

Sehemu mojawapo ambapo hilo punguzo liliandikwa wazi mezani ni Kindle, kile kifaa cha Amazon cha kusomea vitabu. Mwaka 2011 Amazon walikuwa wanauza mbili zinazofanana kabisa, yenye matangazo dola 114, isiyo na matangazo 139. Dola 25, umeona kwa macho yako, unachagua. Mwaka uliofuata Bezos mwenyewe, bosi wa Amazon wakati huo, akasema wanataka kupata hela watu wakitumia kifaa, sio wakikinunua. Hata leo mnapenda msipende ile ndo ilikuwa njia ya kistaarabu.

Halafu 2016 wakaja na simu. Ilikuwepo moja inaitwa BLU R1 HD, bei yake ya kawaida dola 100, ukikubali matangazo yakae kwenye skrini kabla hujaifungua unaipata kwa 50. Hapo sasa mpwa angesema nusu angepatia kabisa 😂

Ila msicheke sana. Mwaka huohuo, mwezi wa 11, watafiti wa usalama Kryptowire wakagundua simu za kampuni ya BLU, na hiyo R1 HD ikiwemo, zina programu ya kusasisha mfumo ya kampuni ya Kichina Adups, na hiyo programu ilikuwa inabeba meseji za watu, maneno yenyewe jamani, pamoja na namba walizopigia, inatuma kwenye seva huko China. Mnunuzi alikubali kuona matangazo akapunguziwa dola 50, huu wizi wa meseji alipunguziwa ngapi? Hakuna aliyemuuliza.

---

KasukuMstaafu alijibu:

Me sioni shida. Nishajianika mitandaoni miaka 10, tv ikijua naangalia katuni na wajukuu itanifanyia nini? Waniletee tangazo la biskuti waniachie bei ndogo. Maskini hana siri bana

---

mzururaji_wa_data alijibu:

Mzee Kasuku shikamoo. Tv haiangaliwi na mtu mmoja, ndo shida. Wewe umekubali, wajukuu hawajakubali, mgeni aliyekuja kulala siku mbili hajakubali. Na haiangalii katuni tu, kuna kitu kinaitwa ACR, tv inapiga picha ndogondogo za kile kilicho kwenye kioo, inazigeuza alama fulani, inazituma kwenye seva zilinganishwe na maktaba ya vipindi ijulikane ni nini. Na haijali kinatoka wapi. Mwaka 2024 kuna watafiti wa vyuo vya Uingereza, Marekani na Hispania walipima tv za Samsung na LG wakakuta inafanya hivyo hata tv ikitumika kama skrini ya nje kwa waya wa HDMI. Kiti_Kirefu si umesema unaitumia kuonyesha kazi zako? Basi hilo ni lako.

Vizio hiyohiyo ilipigwa faini Marekani Februari 2017 kwa kufanya hivi bila ruhusa ya wenye tv. Tv milioni 11. Faini dola milioni 2.2. Gawanya mwenyewe mzee wangu, senti 20 kwa tv. Kwa faini ya senti 20 nani ataacha?

---

KasukuMstaafu alijibu:

Marahaba mwanangu. Senti 20 😳 hapo nimekuelewa

---

nusu_kilo alijibu:

Mnazungumza kana kwamba ukilipa zaidi unakuwa huru. Mimi natumia iPhone, simu ya bei mbaya, na nilikuwa najisifia kwamba yangu haina uchafu. Kwenye ile kesi ya Google ya kuhodhi soko huko Marekani nyaraka za mahakama zikatoa kwamba mwaka 2022 peke yake Google iliilipa Apple dola bilioni 20 ili iwe ndo ya kutafutia mambo ukifungua Safari, ile apu ya iPhone ya kuingilia mtandaoni. Bilioni ishirini. Hela ya matangazo hiyo, inapita kwenye simu yangu, na simu haijashuka hata senti.

Halafu friji. Samsung mwaka 2025 wakaanza kujaribisha matangazo kwenye friji zao zenye skrini mlangoni, huko Marekani, na zile sio friji za watu wa hali ya chini. Watu walishanunua, wameshalipa bei kamili, friji iko jikoni, ndo inakuja sasisho la programu na tangazo ndani yake. Sasa hapo nieleze punguzo liko wapi, maana bei ilishalipwa kabla tangazo halijazaliwa.

Hii ndo inanifanya nisikubaliane na ile hadithi ya "matangazo yanashusha bei". Yanashusha pale tu ambapo kuna ushindani mkali na mnunuzi anaangalia bei kwanza, kama tv na simu ndogo. Pengine kokote ni nyongeza yao tu.

---

Bi_Daftari alijibu:

nusu_kilo hoja yako ya friji nimeikubali, hiyo nilikuwa sijaifikiria kwa namna hiyo. Bei inapangwa siku ya kwanza lakini masharti yanaweza kubadilishwa siku yoyote baadae. Kwenye mahesabu huo ni mkataba wa ajabu sana, upande mmoja umeshamaliza kulipa, mwingine bado anaandika vifungu.

Niongeze na kingine kinachosahaulika. Hiyo hela ya matangazo inatoka wapi? Inatoka kwa kampuni ya sabuni, soda, bima, na wao wanaiweka kwenye bei ya sabuni, soda na bima. Kwahiyo hata kama tv imeshuka dola 50, kidogokidogo unairudisha kila unapokwenda kununua vitu. Na jirani asiye na tv kabisa anachangia tv yako kupitia sabuni anayofulia. Hilo sijawahi kuona mtu analipigia kelele.

Bado nasimama kwamba kioo ndo kimeshusha bei kwa sehemu kubwa. Ila naongeza kwamba matangazo yamefuta ile tv ya kawaida. Kama kila mtengenezaji anategemea mapato ya baadae, atatengeneza isiyo na intaneti ya nini, aiuze apate hela mara moja tu? Ndo maana ukiitafuta huipati.

---

mtumba_original alijibu:

Swali la pembeni, mimi nanunua vitu vya mkononi siku zote. Kama punguzo alipewa aliyenunua mpya, mimi niliyenunua kwake nachunguliwa kwa punguzo la nani?? 😅

---

fundi_risasi alijibu:

Hahaha mtumba_original umenimaliza. La kwake. Wewe ukiingiza akaunti yako wanaanza ukurasa mpya, kifaa kimoja kinavuna watu wawili.

Na hapo kuna jambo tunaliona sisi kwenye meza ya ufundi. Tv inaletwa mtu analalamika imekuwa nzito, ukibonyeza rimoti unasubiri mpaka chai inapoa. Kioo kizima kabisa, taa nzima, angeweza kukaa nayo miaka mingine mingi. Shida ni ile bodi, walibana wakaweka memori ndogo, halafu kila sasisho linakuja na ukurasa wa mwanzo mzito zaidi, video za matangazo zinajicheza zenyewe. Kifaa kinaitwa kimezeeka kumbe kimebebeshwa mzigo tu. Mtu ananunua nyingine. Hiyo nayo ingiza kwenye bei dada Daftari.

---

Kiti_Kirefu alijibu:

Aisee nimesoma wote, asanteni, nimejifunza kuliko nilivyotegemea. Kwahiyo nikielewa vizuri punguzo lipo ila ni dogo kuliko anavyosema mpwa, na hakuna dirisha la kwenda kulilipa ukalirudisha. Ile ya Kindle ndo ningeipenda, ningelipa hiyo 25 nikalala.

Kuna mtu nilimsikia anasema kuna tv inagawiwa bure kabisa, ni kweli au porojo?

---

mzururaji_wa_data alijibu:

Kweli ipo, inaitwa Telly, ilitangazwa 2023 Marekani. Inchi 55, chini yake kuna skrini ya pili nyembamba ya matangazo muda wote, ina kamera na kitambua mtu kama kuna mtu mbele yake. Huilipii hela, unajaza fomu ya maswali kuhusu nyumba yako, na masharti ni kwamba ukitaka kuizima hiyo ya kukufuatilia unairudisha tv yao. Mimi nawaheshimu kwa kitu kimoja, hawajifichi.

---

fundi_risasi alijibu:

Kiti_Kirefu tuache nadharia, fanya hivi. Ingia kwenye mipangilio, usitafute neno upelelezi hutaliona, wanaliita majina matamu, "huduma za kutazama", "mapendekezo yanayokufaa", "matangazo kulingana na mambo unayopenda", saa nyingine liko kwenye sheria na masharti sio kwenye faragha. Zima yote. Kuna tv ukizima moja zinabaki mbili umeacha, kwahiyo usiridhike na ya kwanza.

Kama unatumia HDMI tu, ing'oe kwenye intaneti kabisa. Isahaulishe waifai, na ikiwezekana badilisha nywila ya ruta maana nyingine zinakumbuka. Haina mtandao haina pa kutuma, utabaki na skrini tupu uliyokuwa unaitafuta kwa bei ya smati, yani hapo ndo umekula lile punguzo bila kuwalipa chochote.

Me yangu niliacha mtandaoni usiku mmoja makusudi, nikafungua orodha ya ruta asubuhi. Tv imezimwa kwa rimoti, nyumba nzima tumelala, yenyewe inaita seva zake huko kila baada ya muda mfupi, majina marefu nisiyoyajua. Sikujua inasema nini, ila kwa jinsi ilivyokuwa inaongea sio salamu.

---

Kiti_Kirefu alijibu:

Mrejesho wakuu. Nimeitafuta hiyo swichi, nimeikuta menyu ya nne ndani, chini ya kitu kinaitwa "kuboresha uzoefu wako". Nimezima Jumatatu. Leo imejisasisha yenyewe, nimeingia kuhakiki nakuta imewaka tena. Mpwa anacheka hadi anakohoa.

---

fundi_risasi alijibu:

Isahaulishe waifai sasa hivi kabla hujamaliza kusoma hii. Halafu piga picha hiyo menyu, na ile ya "kuhusu kifaa" yenye namba ya toleo, weka hapa. Nina nyingine mezani ya aina hiyohiyo nataka nione kama inafanya vilevile.